Mwaka wa Vigingi Vyeupe

Ujumbe ulinifikia Emali, Jumatatu asubuhi, nikiwa nafungua duka la mbegu na mbolea ninakofanya kazi. "Mwaitu Kalunde amepumzika. Tunazika Alhamisi. Kilonzo." Basi, hakuna kingine. Niliusoma mara nne huku mteja akinisubiri kwenye kaunta, na afadhali nikiri mapema, kabla sijapata nafasi ya kujipamba: kitu cha kwanza kunijia hakikuwa huzuni. Nilishuku. Kwa miaka saba Kilonzo hakuwa amenipigia simu wala kuniandikia, na mara ya mwisho kuwa naye chumba kimoja alikuwa akitoka mlangoni ameshika kofia mkononi, ametolewa na maneno yangu. Sasa namba yangu aliipata wapi? Na kati ya watu wote wa kule, kwa nini aniite yeye? Nilimpimia mteja mbolea ya kukuzia, akaniambia nimezidisha kilo nzima. Mimi hupima kila kitu mara mbili. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitakwenda, na kwamba nikienda sitakuwa na budi kusema.

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, hata wazee waliomzidi umri. Nilikaa kwake mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na tatu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kyuso. Alinipa chumba alichokuwa akihifadhia ndengu. Magunia mawili yalibaki pembeni, na usiku mzima nguo zangu zilinyonya harufu ya majivu aliyochanganya na ndengu zile kuzuia wadudu. Dirisha halikuwa na kioo, ila kibao cha kufungua na kufunga, na meza yangu ilikuwa miguu ya cherehani iliyowekewa ubao juu. Nje ya ukuta, karibu kabisa na kichwa changu, lilisimama tangi la maji ya mvua. Lilikuwa ndilo tangi pekee katika nyumba zile. Maji mengine yote yalitoka kwenye kisima cha pampu kando ya kanisa, na maji ya kisima hicho yalikuwa ya chumvi. Mbuzi waliyapenda, watu waliyavumilia. Kwa hiyo chai ya Mwaitu, iliyopikwa kwa maji matamu ya tangi, ilikuwa na sifa. Watu walipita "kusalimia tu" saa kumi kamili. Alipika muthokoi wa mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, akanipakulia hadi nikaona aibu, na nikiacha kidogo aliuliza, "Hiki umemwachia nani? Kuna mgeni chumbani?"

Nilikuwa nimekwenda kule kwa sababu ya shamba la pamba. Kikundi cha mwethya, yaani watu wanaolimiana mashamba kwa zamu, wanawake tisa na wanaume wawili, kilikuwa kimeazimwa kipande cha ardhi ya kanisa. Zamani mtu alilima mboga hapo akizimwagilia maji ya kisima, na kwa miaka ile ya kumwagilia akaijaza ardhi chumvi. Jua likiwaka baada ya manyunyu, udongo ulifunikwa na unga mweupe kama meza ya mpika chapati. Kikundi kiliambiwa pamba huvumilia chumvi kuliko mahindi, na kwamba lori la kununua lingekuja. Wazee wa kanisa wakaweka sharti moja: ndani ya mwaka mmoja kikundi kioneshe ni nini kinachoweza kuilisha pamba katika udongo ule, samadi au mbolea ya dukani. Kikishindwa, ardhi inarudi kuwa malisho ya mbuzi. Wanawake wale hawakuwa na kipande kingine cha pamoja. Wakaniita mimi, niliyejulikana kama msichana anayesoma udongo. Cheti sikuwa nacho hata kimoja. Nilikuwa na vitabu vya kilimo vya shule nilivyonunua kwa watandika vitabu chini kule Mwingi, vingine havina jalada, na simu yenye ufa niliyotazamia masomo ya watu wa nchi ambazo sitazifikia. Nilisoma mpaka macho yakauma. Kila aliyenisifu nilimshuku kuwa ananidhihaki, na kila aliyeninyamazia nilimshuku kuwa amegundua sina cheti.

Niligawa kipande kile sehemu nne, kila moja mistari mitatu. Mistari ya kwanza haikupewa kitu chochote. Ya pili ilipewa samadi ya mbuzi. Ya tatu mbolea ya dukani, ya kupandia na baadaye ya kukuzia. Ya nne nusu kwa nusu. Nilipaka vigingi rangi ili mtu yeyote asikosee: vyeupe kwa mistari mitupu, vya udongo mwekundu kwa samadi, vya buluu kwa mbolea ya duka, na vya rangi mbili kwa mchanganyiko. Mistari mitupu, nilieleza siku ya kupanda, ndiyo kipimo. Bila hiyo hatuwezi kujua samadi imesaidia kwa kiasi gani, au mbolea imeharibu kwa kiasi gani. Kila mstari utapata maji sawasawa, mitungi ile ile. Wanawake walisikiliza wameegemea majembe. Mwaitu ndiye aliyeuliza.

"Hii ya vigingi vyeupe haipewi kitu?"

"Haipewi, Mwaitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

"Imekosa nini?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nakuuliza. Unapakulia watatu, wa nne anakaa hapo anawaangalia wakila. Amekosa nini?"

Kilonzo, mmoja wa wale wanaume wawili na katibu wa kikundi, alisema, "Mwaitu, hiyo ni sayansi. Katika sayansi kuna mmoja lazima alale njaa." Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, Profesa?" Aliniita Profesa tangu siku ya kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye ndala za tairi, moja imeshonwa kisigino kwa waya, na mdomo ambao haukupumzika. Kwenye mkutano wa kuamua mazao alikuwa amepigania ndengu. "Pamba haichemki sufuriani," alisema siku ile. "Lori lisipokuja tutakula nini, mashuka?" Kura zikamshinda. Nami nilipokuwa nikihesabu watu ambao wangefurahi nikishindwa, jina lake lilijiandika lenyewe juu ya orodha.

Mvua ya Novemba ilinyesha vizuri kwa wiki chache, tangi la Mwaitu likajaa mpaka likafurika, pamba ikaota. Halafu mvua ikakatika kabla ya Krismasi. Tukaanza kumwagilia maji ya kisima, siku moja ndiyo, moja hapana. Kila asubuhi niliingia shambani na rula na daftari. Nilipima urefu wa kila mche, nikahesabu majani, nikaandika rangi. Kwenye vigingi vya buluu kingo za majani zilianza kuungua, zikawa kahawia na kujikunja. Nilishuku mwenye duka aliyeniuzia mbolea. Nilichukua punje nikaziyeyusha kwenye glasi, nikanusa, nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikarudi Kyuso kumtazama usoni bila kununua kitu. Yule mzee akaniuliza kama ninaumwa. Leo, nikiwa nimekaa miaka nyuma ya kaunta kama ile, ninawaeleza wakulima jambo ambalo wakati huo nililijua kwa kusoma tu lakini sikuliamini: mbolea ya dukani nayo ni aina ya chumvi, na ukiiweka karibu na shina katika udongo ambao tayari una chumvi, mzizi hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umeloa. Mche unakufa kiu ukiwa majini. Samadi hufungua udongo, lakini ikikosa maji safi ya kuishusha ile chumvi chini, nayo inafanya kazi nusu. Mambo haya yalikuwa mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa natafuta mwizi.

Maana mistari ya vigingi vyeupe ilikuwa inapendeza. Mwanzoni mwa Februari miche ile mitupu, isiyopewa kitu, ilikuwa imeipita ya samadi kwa urefu, na majani yake yalikuwa laini, ya kijani kilichokolea. Ule unga mweupe ulionekana kila mahali isipokuwa pale. Nilipima tena. Nilipima nikianzia upande wa pili, labda mkono wangu ulikuwa unajidanganya. Nilichora alama ya siri chini ya kila kigingi nikidhani mtu amevibadilisha, havikuwa vimebadilishwa. Nikafunga uzi mwembamba kuzunguka shamba, kimo cha goti. Siku ya pili ulikuwa umekatika, na kati ya mistari mitupu kulikuwa na alama za ndala za tairi, moja yenye mkwaruzo wa waya kisigino. Nilichuchumaa pale, na ninaona haya kuandika kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimempata.

Wakati huo huo maisha ya nyumbani yaliendelea, na mimi sikuyaona. Mwaitu, ambaye watu walisema hajawahi kukosa siku ya soko tangu aolewe, aliacha kwenda sokoni. Magoti, alisema. Nilimletea dawa ya kuchua kutoka Kyuso, akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kabati, haikufunguliwa. Siku za soko mimi nilikuwa naondoka asubuhi kwenda kuchaji simu na kusoma, nikarudi jua limepoa. Jumapili alasiri nilikuwa kwaya. Wageni wa saa kumi walipungua. Siku moja nikiwa chumbani nanakili daftari langu upya, nilisikia Mama Syombua, mweka hazina wa kikundi, mwanamke wa kicheko cha kusikika mpaka barabarani, akisema jikoni, "Mwaitu, hii chai sasa tunaimaliza ama tunaitia ugali?" Na Mwaitu akajibu, "Kunywa uende." Mama Syombua akacheka sana. Nilidhani wananicheka mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa kandambili zisizofanana. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinywa chai ile kila siku. Ilikuwa na ladha nzito, ya kubana kingo za ulimi. Niliongeza sukari nikaendelea kuandika.

Mkutano uliitishwa kwenye jiko la kanisa, chumba cha mabati chenye masufuria makubwa yaliyopinduliwa. Niliuomba mimi. Mwaitu alikuja na chupa ya chai kama kawaida na vikombe vya bati ndani ya kikapu. Kilonzo alikunywa funda moja, akakitazama kikombe chake, akasema, "Mwaitu, leo umetuletea supu?" Kikacheka chumba kizima, kicheko cha watu wanaojua kitu. Nikasimama kabla hakijaisha. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayarekebisha mara sita, na sauti ilinitoka nyembamba. Nilisema kuna mtu anaingia shambani siku nisizokuwepo. Kwamba anakwangua chumvi kwenye mistari mitupu na kuimwaga kwenye mistari ya mbolea na samadi, ili jaribio livurugike, pamba ionekane haifai, na ardhi ilimwe ndengu. Nikasema nina alama za viatu vyake. Nikaitoa karatasi nyingine niliyochorea ile ndala, na waya wake.

Kilonzo aliinua mguu wake taratibu, akaitazama ndala yake chini, akaitazama karatasi. "Umenichora vizuri, Profesa," alisema. "Hata waya."

"Ulikuwa shambani au hukuwa?"

"Nilikuwa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Hapa ndipo nimerudi mara nyingi kuliko mahali pengine popote katika maisha yangu. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mwaitu, aliyekuwa ameketi kwenye sufuria lililopinduliwa, chupa ya chai magotini. Mwaitu alifungua mdomo. Kilonzo akawahi. "Haya, ni mimi," alisema. "Andika ni mimi. Katibu mwingine mtampata." Akachukua kofia yake kwenye msumari na kutoka, wala hakuivaa mpaka alipovuka lango la kanisa. Nilimwona Mwaitu akimtazama Kilonzo na Kilonzo akimtazama Mwaitu, nikaelewa, kwa akili yangu ya kupima mara mbili, kwamba Kilonzo alikuwa anaomba huruma kwa mama mtu mzima. Nikaandika kwenye daftari: amekiri.

Nililala vizuri kama majuma mawili. Halafu nikataka kupima chumvi ya udongo kwa njia niliyoipata kwenye simu: unakoroga udongo kwenye maji safi, unaacha utulie, unakausha maji ya juu kwenye kijiko na kuangalia kinachobaki. Maji safi maana yake maji ya tangi. Nilifungua bomba, likatoa uzi wa maji, likakohoa, likakauka. Niligonga tangi kwa kiganja kuanzia juu hadi chini. Lote lilikuwa linalia tupu, isipokuwa kimo cha kiganja kimoja. Lilikuwa limejaa mpaka kufurika, na nyumba ilikuwa na watu wawili. Nikamshuku Kilonzo tena. Nilidhani sasa anatuibia maji kulipiza kisasi. Sikumwambia Mwaitu, nisimtie wasiwasi. Siku ya soko ikafika, nikaaga, nikabeba simu na chaja, nikafika kwenye kona ya mwisho, nikageuka, nikarudi kwa nyuma kupitia ua wa minyaa, nikachuchumaa.

Sikukaa sana. Mwaitu alitoka nyumbani na mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akitembea kwa hatua fupi za haraka. Magoti yale hayakuwa na ugonjwa wowote. Aliuvuka uzi wangu, niliokuwa nimeufunga upya, kwa uangalifu, akainua mguu mmoja kisha mwingine, kama anayeruka mtoto aliyelala. Akautua mtungi kwenye mistari ya vigingi vyeupe, akapiga magoti, akaanza kuchota kwa kikombe cha bati, kikombe kile kile cha chai, na kuumiminia kila mche kikombe chake, polepole, akingoja maji yazame ndipo aongeze. Alikuwa akizungumza nayo. "Kunywa wewe. Huyo wa buluu usimwangalie, ana vyake. Kunywa."

Nilitoka kwenye minyaa. Hakushtuka. Alimaliza kumnywesha aliyekuwa mbele yake.

"Umekosa soko," alisema.

"Mwaitu, ni wewe?"

"Nani mwingine ana maji matamu?"

"Na Kilonzo?"

"Kilonzo alikuwa ananibebea mtungi. Mimi ni mzee." Akanitazama. "Sasa amekatazwa, nabeba mwenyewe."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile jikoni. Aliinuka kwa kushika bega langu, na mkono wake ulikuwa na tope. "Nilitaka kusema. Lakini wewe ungefanya nini? Ungefunga vitabu vyako uende. Nilikuwa nakuona unavyoandika, hata kula unasahau. Nikasema, acha nimalize kuinywesha, itakuwa na afya, na mtoto wa watu atafurahi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Sikujua itamfukuza mtu. Kila Jumamosi nampelekea muthokoi. Anakula. Lakini hazungumzi tena sana." Nilirudi chumbani nikaonja chai iliyokuwa imebaki kwenye kikombe changu. Ilikuwa ya maji ya kisima. Kwa miezi miwili alikuwa amekunywa chumvi, na kuninywesha chumvi, mimi na kikundi kizima, ili mistari mitatu ya pamba isione wenzake wakila. Nilifungua daftari langu tangu Novemba. Nilikuwa nimeandika upepo. Nilikuwa nimeandika mbuzi waliopita. Ladha ya chai haikuwamo.

Ningeweza kwenda kwa Kilonzo siku ile ile. Nyumba yake ilionekana kutoka dirishani kwangu. Nilijiambia nitakwenda nikimaliza kuandika upya majedwali. Nikimaliza kuyaandika nilijiambia nitakwenda baada ya mvua ya Aprili, baada ya maua, baada ya vitumba. Pamba ikapasuka, nyeupe juu ya udongo mweupe, na mistari ya vigingi vyeupe ikazaa kuliko yote; ya mchanganyiko na ya samadi ikafuata, ya buluu ikawa ya mwisho. Wazee wa kanisa wakaja. Mmoja wao akasimama mbele ya vigingi vyeupe, mikono nyuma, akauliza, "Na hii ulifanyaje?" Kikundi chote kilikuwa nyuma yangu. Mwaitu alikuwa hatua mbili kutoka mkono wangu wa kushoto. Nikasema, "Hii niliiosha kwa maji ya mvua. Nilipanga hivyo tangu mwanzo." Nikaendelea, vizuri, bila kutetemeka: kwamba chumvi ioshwe kwanza kwa maji matamu, kisha udongo ulishwe samadi, na mbolea ya duka itiwe kidogo, mbali na shina. Yote yalikuwa kweli, isipokuwa sentensi moja. Wazee wakaridhika. Wakakubali mfereji uchimbwe kutoka paa la kanisa kuleta maji ya mvua shambani, na ardhi ikabaki kwa kikundi. Wanawake walipiga vigelegele. Mwaitu alinitazama tu, kisha akainama akang'oa kigingi kimoja cheupe, akakipangusa kwa kanga yake na kunipa. Mwezi uliofuata nilihamia upande wa Makueni. Sikuwa nimevuka kwenda nyumba ya Kilonzo.

Alhamisi ya mazishi nilifika mapema, nimevaa nguo niliyoipiga pasi mara mbili. Tangi bado liko ukutani kwa chumba changu. Mfereji wa kanisa upo, na pamba ilikuwa imesimama kifuani kwa mtu. Kilonzo ana mvi pembeni sasa. Nilisikia akiitwa mwenyekiti. Alinisalimia kwa mkono, akasema "Umefika, Profesa," akaenda kupanga viti, nami nikabaki nikichambua neno lile. Nilimwona akizungumza na mwongoza ratiba, kisha wote wawili wakanitazama. Nikajua jina langu litaitwa, na nikashuku kwamba ndiyo sababu ya kuniita: anisimamishe mbele ya jeneza aone nitasema lipi. Na kweli niliitwa. "Tuna mgeni kutoka Emali, yule binti wa udongo. Dakika tatu."

Nilikuwa na karatasi. Niliikunja. Nilisema mistari ile ya vigingi vyeupe sikuipanga mimi. Kwamba niliiacha na njaa, na Mwaitu akainywesha maji ya tangi lake, na Kilonzo akambebea mtungi. Kwamba nilimwita Kilonzo mharibifu mbele ya watu, na nilipojua ukweli nilikaa nao miezi mitano, kisha nikawadanganya wazee wa kanisa kwa kazi ya marehemu. Kwamba sikuja kabla ya leo kwa sababu niliogopa kuonekana nimekosea. Dakika tatu zilipita, hakuna aliyenikatiza. Ndipo Mama Syombua, safu ya pili, amevaa kitambaa cheusi kichwani, akasema kwa sauti ya kufika kila mahali:

"Sasa Mwende, wewe ulidhani ile chai tulikuwa tunakunywa na pua?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa mwethya kikasambaa mpaka kwa vijana waliokuwa wamesimama kando ya kaburi. Walicheka wakijifuta machozi. Walikuwa wamejua tangu Februari. Kila mmoja alikuwa ameonja. Ardhi ilikuwa imepatikana, msimu uliofuata walimrudisha Kilonzo, na kwa miaka saba hawakuwa wakisubiri kujua lolote. Walikuwa wakinisubiri mimi. Sijui kama kusubiri kwa namna hiyo ni huruma au ni adhabu. Bado nalishuku jambo hili, hasa asubuhi, nikifungua duka.

Baada ya kuzika tulipewa chakula, kisha vijana wakapita na vikombe. Kilonzo alikuja kuketi karibu nami, akinyoosha mguu wake mrefu. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alinipa kikombe kimoja na kubaki na kimoja, ila hakunywa. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nilikunywa funda moja. Watu walikuwa wengi siku ile, na tangi lisingewatosha.

"Ina chumvi," nikasema, kwa sauti.

Kilonzo akanywa yake, akakiweka kikombe chini kwenye nyasi.

"Basi andika," alisema.